Kadi ya kliniki ikishafungwa, nani anamwangalia mtoto?

Kila mama nchini Tanzania anaijua kadi ya kliniki. Huitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, huibeba kila mwezi, hupanga foleni tangu asubuhi. Mtoto huvuliwa nguo, huning'inizwa kwenye mzani akilia, na muuguzi huweka nukta kwenye mstari wa ukuaji. Nukta ikishuka, mama huulizwa: mtoto anakula nini, anaharisha, mara ya mwisho aliugua lini? Kwa miaka mitano ya mwanzo Serikali inajua uzito wa mtoto huyu, inajua chanjo aliyopata na aliyoikosa, na kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007 inamtibu bila malipo.

Kisha mtoto anatimiza miaka mitano na kadi inaingia kabatini. Kuanzia hapo hakuna mtumishi wa afya ambaye kazi yake ni kumwangalia mtoto huyo kabla hajaugua. Msichana atapimwa tena kwa ratiba siku atakapokwenda kliniki ya wajawazito. Mvulana huenda asipimwe tena mpaka siku ya kulazwa wodini. Katikati kuna miaka kumi na zaidi ambayo mwili unakua, damu inapungua, macho yanafifia, hedhi inaanza, na hakuna anayeandika nukta popote.

Na hiyo ndiyo miaka ambayo tunajua kwa uhakika mtoto yuko wapi. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yamefurika. Shule za msingi peke yake zina wanafunzi zaidi ya milioni 10. Kwa siku 194 za masomo kila mwaka, mtoto anaamka, anavaa sare, anakwenda mahali palepale, na jina lake linaitwa kwenye rejesta. Hakuna hospitali, kanisa wala msikiti unaowapata watoto wetu wote kwa wingi na kwa uhakika kiasi hicho. Tumefanikiwa kuwakusanya, lakini hatujamweka hapo mtu wa kuwaangalia afya zao.

Hoja yangu leo ni moja: kila kata nchini iwe na muuguzi wa shule, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mwenye ratiba ya kupita shule zote za kata yake. Kazi hiyo asiachiwe mwalimu aliyehudhuria semina ya siku mbili, wala matroni anayehesabu vitanda bwenini. Aifanye muuguzi aliyesomea, aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na anayewajibika kwa afya ya watoto hao.

Mzigo wa mwalimu wa zamu

Anayejua hali ilivyo sasa kuliko sisi sote ni mwalimu wa zamu. Twende naye mstarini asubuhi. Wimbo wa Taifa umekwisha, matangazo yanasomwa, na mtoto wa darasa la tano anachuchumaa katikati ya mstari. Wenzake wanamvuta mkono asimame, hasimami. Mwalimu anamfuata, anamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. Ni la moto, lakini jua nalo limeshaanza kuchoma. Anamuuliza kama amekula. Mtoto anatikisa kichwa. Ana njaa tu, au ana malaria? Au anatega, kwa sababu leo kuna jaribio la hisabati?

Mwalimu hana kipimajoto wala kipimo cha haraka cha malaria. Sanduku la huduma ya kwanza lipo ofisini kwa mwalimu mkuu, na ndani yake kuna pamba, chupa ya spiriti iliyokaribia kwisha na mkasi. Kwa hiyo anaamua kama mzazi yeyote ambaye angekuwa mahali pake. Anamwambia mtoto akakae chini ya mwarobaini apumzike. Saa nne hali haijabadilika. Anamchagua mwanafunzi mwingine amsindikize nyumbani, na sasa wawili wamekosa masomo. Nyumbani mlango umefungwa, mama yuko sokoni. Watoto wawili wanakaa kizingitini, mmoja anatetemeka, mwingine anamtazama.

Simlaumu mwalimu huyu. Ana darasa la watoto themanini linalomsubiri, ana maandalio ya somo, ana taarifa ya mahudhurio ya kupeleka. Tumemtwika kazi ya uganga bila kumpa elimu yake, vifaa vyake wala mshahara wake, na mtoto akifia njiani yeye ndiye atakayeulizwa.

Magonjwa yanayokaa darasani

Wapo wanaosema watoto wa umri wa shule ni wazima, wameshavuka hatari ya utotoni. Si kweli. Magonjwa yao hayapigi kelele, basi.

Chukua malaria. Katika maeneo mengi ya nchi, watoto wa umri wa shule ndio wanaobeba vimelea kwa wingi kuliko rika jingine, na wengi wao hawana homa. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 vyandarua vimekuwa vikigawiwa kupitia shule, kuanzia Lindi, Mtwara na Ruvuma. Lakini kimelea kisicholeta homa hakikai bure mwilini. Kinakula damu taratibu. Mtoto anakuja shuleni kila siku, anakaa dawati la nyuma, anasinzia, haandiki. Mwisho wa muhula ripoti yake inasema hajitumi. Kumbe alichohitaji ni tone moja la damu kwenye kipimo, dawa ya siku tatu, na vidonge vya kuongeza damu.

Chukua selimundu, au sikoseli. Kwa makadirio yanayotumiwa na Wizara ya Afya, watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka hapa nchini, na Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Zamani wengi hawakufika umri wa shule. Leo, kwa sababu ya chanjo, dawa za kukinga maambukizi na haidroksiyurea, wanafika, na wanapofika wanakuta shule isiyojua lolote juu yao. Maumivu makali ya selimundu huchochewa na baridi, kiu na uchovu. Sasa tazama ratiba: mchakamchaka alfajiri ya baridi, kumwagilia bustani, adhabu ya kupiga magoti juani, ruhusa ya kwenda kunywa maji inayotolewa kwa kunung'unikiwa. Ratiba hiyo ni ya kawaida kwa watoto mia tatu. Kwa mmoja wao ni njia ya kuelekea wodini. Muuguzi angemjua mtoto huyo kwa jina tangu siku ya kuandikishwa, angewaambia walimu: huyu hakimbii alfajiri, chupa yake ya maji isitoke dawatini, akisema mifupa inamuuma msimwambie avumilie.

Chukua kifafa. Huko Mahenge, Morogoro, ugonjwa huu umeenea kiasi kwamba daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa pale karibu na uhuru, na watafiti bado wanaendelea kuchunguza uhusiano wake na usubi. Lakini huhitaji kwenda Mahenge. Mtoto akianguka darasani katika shule yoyote, utaona jinsi tunavyomtendea. Wenzake wanakimbia kwa kuamini kwamba povu lake linaambukiza. Mmoja anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Wengine wanamkandamiza mikono na miguu. Yote matatu ni makosa, na la kijiko linaweza kumvunja meno au kumziba pumzi. Kinachotakiwa ni kidogo mno: ondoa madawati yanayoweza kumuumiza, legeza kola ya shati, weka sweta chini ya kichwa, kishtuko kikitulia mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Kikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Hayo yanafundishika kwa nusu saa, na darasa likishayajua, mtoto yule hataacha shule kwa aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto wa kifafa mara nyingi hafichi kwa kupenda. Anafichwa na familia inayoogopa macho ya watu, na mtu wa kwanza kuiondolea familia hiyo hofu angepaswa kuwa muuguzi aliyefika nyumbani kwao akakaa mkekani.

Sijagusa pumu, kisukari cha watoto kinachohitaji sindano ya insulini kila siku, meno yaliyooza, wala macho. Mtoto asiyeona ubaoni hajui kwamba haoni, kwa kuwa hajawahi kuona vinginevyo. Anadhani kila mtu ananakili kutoka daftari la jirani. Kumpima ni kumsimamisha mita sita kutoka kwenye chati ya herufi E na kumwomba aonyeshe kwa vidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Ni kazi ya dakika chache. Ni watoto wangapi wamerudia darasa, wamechapwa, wameitwa wajinga, kwa kukosa dakika hizo?

Dawa bila uso unaoaminika

Mtu anaweza kuniambia kwamba afya shuleni ipo: watoto wanapewa dawa za minyoo na kichocho, wasichana wanachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni kweli, na ni kazi kubwa ya kupongezwa. Shuleni mwalimu hushika kijiti chenye alama, mtoto husimama kando yake, urefu husomwa, na idadi ya vidonge vya prazikwanteli hutolewa kulingana na alama. Kwa njia hiyo mamilioni ya watoto wametibiwa, hasa kandokando ya Ziwa Victoria ambako kichocho kimeota mizizi.

Lakini kumbuka yaliyotokea Morogoro mwaka 2008. Dawa ya kichocho iligawiwa shuleni, baadhi ya watoto wakaumwa tumbo, wakapata kizunguzungu na kutapika. Hayo ni maudhi yanayojulikana ya dawa hiyo, hasa mtoto akiimeza bila kula. Uvumi ukakimbia kuliko gari la wilaya: watoto wamelishwa sumu. Wazazi wakavamia shule, walimu wakatishiwa na kushambuliwa, na ugawaji wa dawa mkoani humo ukasimama. Dawa ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mtu ambaye wazazi wanamjua, aliyewaeleza wiki moja kabla kwamba mtoto ale uji kwanza, kwamba tumbo linaweza kusokota na litatulia, na ambaye angekuwepo kesho yake kujibu maswali. Kampeni huja na gari, hugawa, huondoka, na mzazi hubaki na maswali yake.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nayo ilipita njia hiyohiyo ya minong'ono. Ilianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Bado wapo wazazi waliowazuia mabinti zao nyumbani siku ya chanjo kwa kuambiwa kwamba inaharibu uzazi. Tangazo la redio halitoshi kumbadilisha mzazi wa aina hiyo. Humsikiliza yule aliyemtibu mwanawe mapunye mwezi uliopita.

Kuna pia lile jambo tunalolijua sote, la wanafunzi kuanguka na kupiga kelele kwa makundi, hasa wasichana wa bweni. Halikuanza jana. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, kicheko kisichozuilika kiliwashika wanafunzi watatu, kikaenea hadi kuwapata 95 kati ya 159, na shule ikalazimika kufungwa mwezi Machi. Uchunguzi haukupata sumu wala kijidudu. Ilikuwa hofu na msongo vilivyotafuta mlango wa kutokea. Zaidi ya miaka 60 baadaye, jambo kama hilo likitokea, shule nyingi bado huita waombezi kwanza. Sipingi maombi. Nasema tu kwamba muuguzi anayekaa karibu na wasichana angeona dalili mapema: nani halali, nani ameacha kula, nini kinawatisha usiku. Pia angejua kutofautisha hofu ya kundi na homa ya uti wa mgongo, ambayo ukiichelewesha kwa saa chache tu inaua.

Mwalimu ana fimbo, muuguzi hana

Nimefika kwenye sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa. Lakini mtoto amwambie nani? Mwalimu ndiye anayemsahihishia mtihani, na kanuni za viboko bado zipo. Wapo walimu wengi wenye moyo wa huruma, ninawajua na ninawaheshimu. Hata hivyo mtoto haoni moyo, anaona fimbo iliyoegeshwa mezani. Na kama aliyemuumiza ni mwalimu, au ni jirani anayekunywa kahawa na mwalimu, mlango umefungwa kabisa.

Muuguzi hana fimbo, hatoi alama, haandiki tabia ya mtu kwenye cheti cha kumaliza shule. Mtoto anaweza kuingia chumbani kwake kwa kisingizio cha kichwa kuuma, akakaa, akanyamaza, akarudi kesho na keshokutwa, na siku ya tatu akasema. Anayejua kazi yake ataitambua ile safari ya tatu ya kichwa kisicho na homa. Ataiona michubuko mahali ambapo mtu haangukii. Na anajua pa kwenda: ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, hospitali kabla ya saa 72 kupita ili dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zifanye kazi.

Hedhi pia ni ya chumba hicho. Msichana wa darasa la sita anayepata damu kwa mara ya kwanza katikati ya kipindi cha sayansi anahitaji pedi, maji, sketi ya kubadili na mtu mzima wa kumwambia kwamba haumwi. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha. Bei imeendelea kuwa mzigo kwa familia nyingi, na wasichana wanaendelea kubaki nyumbani siku hizo.

Hapa lakini niweke mpaka bayana. Kwa miaka mingi baadhi ya shule ziliwapima wasichana mimba kwa lazima, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanaokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na ulikuwa uamuzi wa haki. Muuguzi wa shule asigeuzwe askari wa kukamata wajawazito. Akianza kupeleka majina ofisini, hakuna msichana atakayerudi kwake, na tutakuwa tumejenga chumba kingine cha kuogopwa. Siri ya mgonjwa wa miaka 13 ina uzito uleule wa siri ya mheshimiwa, na pale tu usalama wa mtoto unapokuwa hatarini ndipo sheria ya kumlinda itangulie.

Wengine walianzaje

Muuguzi wa shule hakubuniwa na nchi zilizokuwa zimeshatajirika na kukosa cha kufanya. Mwanzoni mwa karne iliyopita New York ilikuwa jiji la wahamiaji waliobanana kwenye vyumba vya kupanga. Madaktari walipita shuleni, wakimwona mtoto mwenye trakoma, upele, mapunye au chawa wanamrudisha nyumbani na karatasi. Mama hakujua kuisoma karatasi ile. Mtoto hakutibiwa, na jioni alicheza mtaani na wenzake walewale aliotengwa nao asubuhi. Oktoba 1902, kwa juhudi za muuguzi Lillian Wald wa kituo cha kijamii cha Henry Street, muuguzi mmoja, Lina Rogers, alipelekwa kwenye shule nne kwa majaribio ya mwezi mmoja. Alitibu papo hapo yale yaliyotibika, akaenda majumbani, akawaonyesha akina mama namna ya kusafisha na kupaka dawa. Jiji likaona matokeo, likaajiri wengine. Watoto waliorudishwa nyumbani kwa maradhi Septemba 1902 walikuwa 10,567. Septemba 1903 walikuwa 1,101. Waliobadilisha hesabu hiyo ni wauguzi waliotembea kwa miguu wakiwa na mikoba yao.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini ilizindua upya mpango wake wa afya shuleni mwaka 2012. Timu zinazoongozwa na wauguzi huanza na shule za maeneo maskini, na mtoto hupimwa katika hatua maalumu za masomo badala ya kusubiri augue. Nao wamejifunza kwa taabu kwamba kupima hakutoshi. Mtoto akiambiwa aende akapewe miwani na hakuna anayefuatilia kama alikwenda, kipimo kile kimepotea bure. Somo hilo tulichukue mapema.

Fedha na watu

Najua swali linalosubiri: fedha iko wapi, na wauguzi wako wapi, wakati zahanati nyingi zina muuguzi mmoja anayezalisha, anachanja na kugawa dawa? Ni swali la haki na lina jibu.

Watu wapo. Kila mwaka vyuo vinatoa wauguzi wenye astashahada na stashahada, na wengi wao wako mitaani wakisubiri nafasi za ajira zitangazwe. Wengine wanauza kwenye maduka ya dawa, wengine wanaendesha bodaboda. Tumewasomesha, tumewasajili, kisha tumewaacha. Kinachokosekana ni kibali cha ajira na nafasi kwenye muundo wa utumishi.

Hesabu nayo haitishi. Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,950. Muuguzi mmoja kwa kata ni watu wasiofika 4,000 kwa nchi nzima. Shule za msingi za Serikali zikigawanywa kwa kata hizo, kila kata inapata nne au tano kwa wastani. Kwa hiyo muuguzi anaweza kuwa na siku ya kila shule katika wiki, na sekondari ya kata ikawekwa kwenye zamu hiyohiyo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Nchi inayoweza kupanga jambo la ukubwa huo haiwezi kushindwa na wauguzi 4,000. Kata tayari ina mtendaji wake, ina afisa elimu kata, na mara nyingi ina afisa ugani wa kilimo na mifugo. Ng'ombe wa kata wana mtaalamu anayetakiwa kuwatembelea. Watoto wa shule hawana.

Nani amsimamie? Mtoto wa shule huangukia kati ya Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya, kila moja ikidhani ni wa mwenzake. Lakini shule na zahanati zote mbili ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kwenye halmashauri mkurugenzi wa vyote viwili ni mmoja. Muuguzi awe na kituo chake zahanati, chini ya mganga mfawidhi, ili apate dawa, vipimo na usimamizi wa taaluma, na ratiba yake ijulikane kwa afisa elimu kata. Apewe pikipiki. Kila shule itenge chumba chenye mlango unaofungika, kitanda, ndoo ya maji yenye bomba, sabuni na pazia. Mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza, mzazi aje na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na kutoka kwenye kadi hiyo lifunguliwe faili litakalomfuata hadi kidato cha nne. Apimwe macho, masikio, uzito, urefu na damu anapoanza darasa la kwanza, anapofika la nne na anapoingia kidato cha kwanza. Kila rufaa iandikwe kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi ionekane nani alikwenda na nani hakwenda, na kwa nini.

Kwa shule binafsi za bweni, ambazo wazazi wanalipa mamilioni, sioni sababu ya kubembeleza. Muuguzi anayelala shuleni liwe sharti la usajili, kama vile choo na mlango wa dharura.

Tusijidharau. Mwaka 1973, tukiwa maskini kuliko sasa, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Hakuna aliyesubiri nchi itajirike kwanza.

Madiwani hupitisha bajeti za halmashauri kila mwanzo wa mwaka, na Bunge huketi kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili. Hapo ndipo jambo hili linapaswa kusemwa, na wa kulisema ni wazazi. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, baada ya mjadala wa michango ya chakula na madawati, simama uulize: mtoto wangu akianguka saa nne asubuhi, anayemhudumia ni nani? Swali liandikwe kwenye muhtasari, lipelekwe kwa diwani. Na halmashauri isiyotaka kusubiri kibali cha nchi nzima ianze na kata mbili tu kwa mapato yake ya ndani, ichukue wauguzi wawili wa mkataba kati ya hao waliokaa mtaani. Haitahitaji tume wala mtaalamu mwelekezi kutathmini kama imefanya vyema. Rejesta za mahudhurio za shule hizo zitaonyesha kabla mwaka wa masomo haujaisha.